Sura ya Nne: Kukiona Kirusi Kabla ya Malengelenge

Ng'ombe aliyeambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo anaweza kuendelea kula, kucheua na kukamuliwa kama kawaida kwa siku 2 hadi 14 kabla udenda haujaanza kumtiririka na malengelenge hayajatokeza kwenye ulimi, kwenye ufizi na katikati ya kwato zake, ilhali ndani ya mwili wake kirusi chenye kipenyo cha takriban nanomita 30, na nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja, kinazidi kuzaliana. Mfugaji hana namna ya kulijua jambo hilo, daktari wa mifugo aliyesimama kando ya zizi hana namna ya kulijua, na mnunuzi mnadani ndiye kabisa, kwa kuwa anachokitazama ni manyoya, macho na mwendo wa mnyama. Sehemu kubwa ya juhudi za kutengeneza bayosensa za mifugo inahusu siku hizo za ukimya. Bayosensa ni kifaa kinachotumia kitu chenye asili ya uhai, kama vile kingamwili, kimeng'enya au kipande cha DNA, kukitambua kile kinachotafutwa ndani ya sampuli, kisha kukigeuza kitendo hicho cha kutambua kuwa alama inayoweza kusomwa na mtu, iwe ni rangi, mwanga au mkondo wa umeme.

Gharama ya siku hizo ilionekana wazi nchini Uingereza mwaka 2001. Ugonjwa ulipothibitishwa tarehe 20 Februari, baada ya dalili kuonekana kwa nguruwe waliofikishwa machinjioni huko Essex, kirusi kilikuwa kimekwisha kuingia katika mashamba yasiyopungua 57, kwa sababu kondoo, ambao dalili zao huwa hafifu, walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa minadani na kusafirishwa kwa malori kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Hadi ugonjwa unazimwa, mashamba 2,026 yalikuwa yamethibitishwa kuambukizwa, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamechinjwa, na hasara ya serikali na ya sekta binafsi ikakadiriwa kufikia pauni bilioni 8. Wengi wa wanyama hao hawakuwa wagonjwa. Waliuawa kwa sababu walikuwa jirani na wagonjwa, na kwa sababu hapakuwa na chombo cha kusema, siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo, ni yupi mwenye kirusi na ni yupi asiye nacho.

Miaka 10 baadaye, watafiti wa Pirbright, taasisi ya Uingereza inayochunguza virusi vya mifugo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyolipa swali hilo sura mpya. Waliwaweka ng'ombe wazima pamoja na ng'ombe walioambukizwa kwa vipindi vifupi vilivyopangwa, wakafuatilia ni saa zipi hasa ambapo maambukizi hupita, wakabaini kwamba muda ambao ng'ombe huweza kuwaambukiza wenzake ulikuwa wastani wa siku 1.7 tu, tena ulianza wastani wa nusu siku baada ya dalili kuonekana, wala si kabla yake. Kwa kuwa kirusi chenyewe kinaweza kupatikana mwilini mapema kuliko hapo, maana yake ni kwamba ipo nafasi, ingawa ni finyu, ambamo mnyama anaweza kugunduliwa na kutengwa kabla hajamdhuru mwenzake yeyote, na kundi zima likabaki hai. Nafasi hiyo haipimwi kwa wiki. Sampuli inayofungwa kwenye boksi la barafu na kusubiri gari la kwenda mjini hutumia muda wote huo ikiwa njiani.

Mwanzo wa teknolojia hii haukuwa katika mifugo. Mwaka 1962 mwanasayansi wa Marekani Leland Clark, akishirikiana na Champ Lyons, alieleza namna ya kufunga kimeng'enya juu ya elektrodi ili kupima sukari katika damu, na wazo hilo ndilo lililokuja kuzaa vipimo vidogo vya kisukari ambavyo leo hupatikana katika maduka ya dawa. Bayosensa zote zilizofuata zimebaki na viungo vile vile viwili vya msingi. Cha kwanza ni kipokezi, yaani molekuli inayoshikana na kitu kinachotafutwa na kuviacha vingine vyote, na cha pili ni kigeuzi, yaani sehemu inayohisi kwamba mshikamano huo umetokea na kuutolea alama. Katika kupima virusi vya mifugo, kipokezi kinachotumika zaidi ni kingamwili, protini ambayo mwili wa mnyama huitengeneza ili kuinasa antijeni, yaani sehemu ya kijidudu inayotambuliwa na kinga ya mwili. Vipo pia vipokezi vinavyoitwa aptama, ambavyo ni nyuzi fupi za DNA au RNA zilizochaguliwa maabara kwa sababu zinajikunja katika umbo linalokumbatia protini fulani, na vipo vipande vya DNA vinavyoshikana moja kwa moja na maandishi ya urithi ya kirusi chenyewe.

Kigeuzi kilicho rahisi kuliko vyote ni jicho la mwanadamu, na kifaa kinachokitegemea kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kilichofika zizini kabla ya vingine. Kipimo cha ukanda ni utepe mwembamba wa utando wenye vinyweleo, ambao hunyonya maji kutoka ncha moja hadi nyingine bila pampu wala umeme. Karibu na ncha ya kwanza kuna chembe ndogo sana za dhahabu au za plastiki ya rangi zilizovishwa kingamwili dhidi ya kirusi, na katikati ya utepe umechorwa mstari usioonekana wa kingamwili nyingine dhidi ya kirusi hicho hicho. Sampuli ikidondoshwa, maji huzibeba chembe hizo, na kila chembe iliyokutana na kirusi hukwama kwenye mstari kwa sababu kirusi kimeshikwa pande zote mbili. Chembe zikikwama kwa maelfu, mstari unaonekana kwa macho. Mstari wa pili, ulio mbele zaidi, huzinasa chembe zilizopita hata kama hazina kirusi, na kazi yake ni kuthibitisha kwamba maji yamefika. Ukanda usio na mstari huo wa pili haujasema lolote, na afisa mifugo anayeusoma kuwa jibu la "hapana" amekosea.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kukitambua kifaa hicho. Sotoka ya ng'ombe, iliyoingia Eritrea mwaka 1887 na kushuka hadi kusini mwa bara katika muda wa miaka kumi tu, iliua katika sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kila kumi, na Wamaasai wakauita wakati ule wa maangamizi emutai. Chanjo iliyouvunja nguvu ugonjwa huo ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake katika miaka ya 1950 na 1960. Lakini kirusi kilipokaribia kutokomezwa kilibakia katika umbo la hila: aina iliyosalia katika eneo la Somalia na Kenya iliwaumiza ng'ombe kidogo tu, kiasi cha kuonekana kama homa ya kawaida, huku ikiwaua nyati na tandala katika hifadhi ya Tsavo katikati ya miaka ya 1990. Ugonjwa unaojificha hivyo hauwezi kuwindwa kwa macho. Taasisi ya Pirbright ilikuwa imetengeneza kipimo cha ukanda kilichotumia machozi, ambapo pamba hupitishwa chini ya kope la ng'ombe, hukamuliwa kwenye kimiminika, na jibu hutoka baada ya dakika chache, na kipimo hicho kilijaribiwa zizini, ikiwemo nchini Pakistan, kabla ugonjwa haujatangazwa kuwa umefutika duniani mwaka 2011. Tukio la mwisho lililothibitishwa lilikuwa la nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Ni haki kusema kwamba ushindi ule ulikuwa wa chanjo kwanza, lakini kampeni ya chanjo hufika mahali ambapo swali kubwa si tena ni wanyama wangapi wamechanjwa, bali ni wapi kirusi kimebakia, na swali hilo hujibiwa kwa kupima.

Ukanda kama ule una mipaka yake, na ndipo neno unyeti linapoingia. Unyeti wa kifaa una maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa, hata na watu wanaopaswa kujua. Maana ya kwanza ni ya maabara: ni kiasi kidogo kuliko vyote cha kirusi ambacho kifaa kinaweza kukigundua. Maana ya pili ni ya zizini: kati ya wanyama mia moja walioambukizwa kwa kweli, kifaa kinawagundua wangapi. Kifaa kinaweza kushinda katika maana ya kwanza na kushindwa vibaya katika ya pili, na sura hii inashikilia kwamba maana ya pili ndiyo inayopaswa kuongoza kazi nzima, ingawa ile ya kwanza ndiyo inayojaza majarida ya sayansi.

Mfano wa ugonjwa wa miguu na midomo unalionyesha jambo hilo vizuri. Kirusi chake kina aina saba, ambazo ni O, A, C, Asia 1, SAT 1, SAT 2 na SAT 3, na aina C haijaripotiwa popote tangu mwaka 2004, ilipoonekana mara ya mwisho Kenya na Brazil. Herufi SAT zinasimamia maeneo ya Afrika ya kusini ambako aina hizo tatu zilitambuliwa mwanzo, na nyati wa Afrika ndio hifadhi yake ya asili. Kipimo cha ukanda kilichoundwa ili kizigundue aina zote saba kilipolinganishwa na vipimo vya maabara, kilifanya kazi nzuri kwa aina za O, A na Asia 1, lakini kilikuwa dhaifu dhidi ya SAT 2, ambayo husumbua ng'ombe wa Kenya na Tanzania, kwa kuwa kingamwili iliyochaguliwa kuwa kipokezi haikuishika vyema protini ya aina hiyo. Ilibidi utengenezwe ukanda mwingine mahususi kwa SAT 2. Kifaa kingeweza basi kusifiwa Ulaya kuwa chenye unyeti wa hali ya juu na wakati huo huo kikampa mfugaji wa Serengeti jibu la uongo.

Tatizo la pili linahusu tone lenyewe, na halitatuliwi na werevu wowote wa kigeuzi. Tuseme mililita moja ya damu ya mbuzi aliyeambukizwa karibuni ina virusi 100, na bayosensa hupokea tone la mikrolita 5, ambalo ni sehemu moja ya 200 ya mililita. Kwa wastani tone hilo litakuwa na nusu ya kirusi, jambo lisilowezekana, na kwa hiyo hali halisi ni kwamba matone 6 kati ya 10 hayatakuwa na kirusi hata kimoja. Kifaa chenye uwezo wa kugundua kirusi kimoja peke yake, na vifaa hivyo vipo, kitamwambia mfugaji mara 6 kati ya 10 kwamba mbuzi wake ni mzima, na kitakuwa hakijakosea lolote kuhusu tone kililopewa. Ni sawa na kuchota maji ya bahari kwa kikombe na kuhukumu kwa kikombe hicho kama mkondo una samaki. Dawa ya tatizo hilo ni kuikusanya sampuli kubwa kabla ya kuipima, na njia inayotumika sana ni punje ndogo za sumaku zilizovishwa kingamwili: huchanganywa na mililita kadhaa za damu, maziwa au maji ya kuoshea pua, huvinasa virusi vilivyotawanyika, kisha sumaku iliyowekwa kando ya kichupa huzivuta zote upande mmoja, na kimiminika kingine chote humwagwa. Kazi hii ya maandalizi haina fahari na mara nyingi huachwa mwishoni mwa miradi, ilhali huongeza unyeti wa kweli kuliko kubadilisha elektrodi.

Elektrodi nazo zina jambo lao. Mwaka 2004 kundi la Charles Lieber la Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba waya wa silikoni wenye unene unaopimwa kwa nanomita, uliovishwa kingamwili, hubadilisha upitishaji wake wa umeme pale kirusi kimoja tu cha mafua kinapotua juu yake. Tangu wakati huo transista zilizotengenezwa kwa silikoni, na baadaye kwa grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, zimekuwa tumaini kubwa la watafiti, kwa kuwa hazihitaji rangi wala kimeng'enya na jibu lake ni la umeme tangu mwanzo. Ugumu ni chumvi. Transista huhisi chaji ya umeme iliyo juu ya kirusi, lakini katika kimiminika chenye chumvi chaji hiyo huzingirwa mara moja na chembe za chumvi zenye chaji ya kinyume, kiasi kwamba mvuto wake haufiki mbali. Katika damu ya ng'ombe, yenye chumvi kama damu nyingine za mamalia, umbali huo ni chini ya nanomita 1, wakati kingamwili inayokishika kirusi peke yake ina urefu wa nanomita 10 hivi. Kirusi kinakuwa kimenaswa, lakini kiko mbali mno na waya kuweza kuhisiwa. Ndiyo sababu vipimo vingi vya aina hiyo hufanywa katika maji yenye chumvi kidogo sana, na ndiyo sababu watafiti wengine wameamua kutumia aptama au vipande vya kingamwili, ambavyo ni vifupi, ili kukileta kirusi karibu. Msomaji anayekutana na tangazo la kifaa chenye unyeti wa ajabu anapaswa kuuliza swali moja kabla ya mengine: kilipimwa katika maji gani?

Njia tofauti kabisa ni kukiongeza chenyewe kinachotafutwa. Mbinu ya PCR, iliyobuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis, huirudufu DNA mara mabilioni kwa kuipandisha na kuishusha joto, na imebaki kuwa kipimo cha rejea maabara, lakini mashine yake huhitaji umeme wa uhakika na mkono uliofundishwa. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha mbinu iitwayo LAMP, ambayo hurudufu DNA katika joto moja lisilobadilika la nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, kwa muda usiozidi saa moja kwa kawaida, na joto hilo linaweza kutolewa na kifaa kidogo cha betri. Kwa virusi vyenye RNA, kama cha miguu na midomo au cha homa ya Bonde la Ufa, huongezwa kimeng'enya cha kuigeuza RNA kuwa DNA kwanza. Watafiti wa Pirbright na wenzao wa Afrika Mashariki wamevijaribu vipimo vya aina hii zizini, dawa zake zikiwa zimekaushwa kuwa unga ili zisitegemee barafu, na sampuli za ngozi ya malengelenge zikipimwa bila kusafishwa RNA kwanza. Tangu mwaka 2017 imeongezwa hatua nyingine inayotokana na mfumo wa kinga wa bakteria uitwao CRISPR, ambamo kimeng'enya huongozwa na kipande cha RNA hadi kwenye mfuatano maalumu wa kirusi, na kikiupata huanza kukata kila uzi ulio karibu, zikiwemo nyuzi zilizowekwa makusudi ili zitoe mwanga zikikatwa. Faida yake kubwa ni umahususi, yaani uwezo wa kutomtuhumu mnyama asiye na kirusi.

Wapo wanaodhani kwamba sampuli bora lazima itoke kwa mnyama mmoja mmoja. Maziwa yanaonyesha vinginevyo. Kirusi cha miguu na midomo kinaweza kutoka katika maziwa hadi siku 4 kabla ya dalili, na ingawa kuwemo kwa kirusi katika maziwa si sawa na ng'ombe kuwa tayari kuwaambukiza wenzake kwa pumzi, inatosha kuwa onyo. Katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, watafiti walipima maziwa yaliyochanganywa katika vituo vya kukusanyia, ambako wafugaji wadogo wengi humimina kila siku, wakaona kwamba kirusi kinachozunguka katika eneo kinaweza kugunduliwa humo bila kugusa zizi hata moja. Maziwa ya mgonjwa mmoja yanapochanganywa na ya wazima mia, kirusi huzimuliwa mara mia, na hapo ndipo unyeti wa maabara unapopata kazi halali: kila hatua ya kugundua kiasi kidogo zaidi inaruhusu ng'ombe wengi zaidi kuchunguzwa kwa kipimo kimoja. Bayosensa iliyofungwa kwenye tangi la kituo cha maziwa ingefikia wafugaji ambao hakuna afisa mifugo anayewafikia, nao wasingelazimika kufanya lolote zaidi ya wanalolifanya kila alfajiri.

Homa ya Bonde la Ufa inaleta masharti magumu zaidi, kwa kuwa inaua watu. Kirusi chake kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya vifo vya wanakondoo karibu na Ziwa Naivasha. Huishi katika mayai ya mbu yaliyolala kwenye mabonde makavu kwa miaka, na mvua kubwa zikijaza mabonde hayo, mbu huanguliwa wakiwa tayari na maambukizi. Kondoo na mbuzi hutupa mimba kwa pamoja, na mtu huambukizwa anapomsaidia mnyama kuzaa, anapomchinja au anapomchuna. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo vya watu 155 Kenya na 109 Tanzania. Muda wa kirusi kuwemo katika damu ya mnyama ni wa siku chache tu, hufika kiasi kikubwa mno kisha hushuka, na kingamwili za mwanzo hujitokeza wakati kirusi kinapotoweka, kwa hiyo kifaa kinachotafuta kirusi peke yake kitamkosa mnyama aliyeugua wiki iliyopita, na kile kinachotafuta kingamwili peke yake kitamkosa aliyeambukizwa jana. Kifaa kinachofaa ni chenye njia zote mbili katika kasha moja, na kasha hilo linapaswa kufungwa kabisa mara damu inapoingia, ili mpimaji asije akawa mgonjwa anayefuata. Hata wingi wa kirusi huleta hatari: kwenye baadhi ya vipimo vya ukanda, kirusi kikizidi mno hujaza kingamwili za pande zote mbili kivyake, daraja la kuzikwamisha chembe za rangi halijengeki, na mnyama aliye mgonjwa kuliko wote huonekana mzima. Watengenezaji hulizuia hilo kwa kumtaka mpimaji aizimue sampuli, agizo ambalo ni rahisi kuliruka mvua ikiwa inanyesha.

Bado hesabu ya umahususi haijafanywa, nayo huwashangaza wengi. Chukua mbuzi 10,000 ambao 10 kati yao wameambukizwa, na kifaa ambacho huwagundua wagonjwa 99 kati ya 100 na huwaachia huru wazima 98 kati ya 100. Kifaa hicho, ambacho kingesifiwa popote, kitawagundua wale 10, lakini pia kitawatuhumu wazima karibu 200, kwa hiyo kati ya mbuzi 210 watakaotengwa, zaidi ya 9 kati ya kila 10 hawana kosa. Kifaa hicho hicho kikipelekwa mahali ambapo mbuzi 1,000 kati ya 10,000 wameambukizwa, kitawapata wagonjwa 990 na kuwatuhumu wazima 180, na jibu lake la "ndiyo" litakuwa la kweli kwa zaidi ya mara 8 kati ya 10. Kilichobadilika ni mahali tu. Hii ndiyo sababu utabiri wa hali ya hewa ni sehemu ya bayosensa hata kama hauonekani katika mchoro wake: mwaka 2006 wanasayansi walioongozwa na Assaf Anyamba wa NASA walitumia vipimo vya setilaiti vya joto la bahari, mvua na ukijani wa malisho kuonya kuhusu homa ya Bonde la Ufa, na onyo lao lilitangulia mlipuko kwa wiki 2 hadi 6. Wiki hizo zinatosha kupeleka vipimo Garissa na Ijara, kaskazini mashariki mwa Kenya, badala ya kuvitawanya nchi nzima.

Hesabu hiyo ina uzito wa pekee kwa biashara inayovuka Ghuba ya Aden. Homa ya Bonde la Ufa ilipotokea Saudi Arabia na Yemen mwaka 2000, kwa mara ya kwanza nje ya Afrika, Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika, na mifugo ya Kisomali iliyozoea kupakiwa katika bandari ya Berbera haikuruhusiwa tena huko hadi mwaka 2009. Kwa mfugaji wa nyanda zile, jibu moja la uongo la "ndiyo" lingeweza kufunga soko lake zima, na jibu moja la uongo la "hapana" lingeweza kupeleka kirusi Jeddah wakati wa Hija. Mnunuzi hana sababu ya kuamini kifaa kwa sababu tu kinagundua virusi vichache. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeweka hatua nne za kukithibitisha kipimo: sifa zake za maabara, uwezo wake kwa wanyama wagonjwa na wazima wanaojulikana, uwiano wa majibu yake katika maabara mbalimbali, na mwenendo wake kinapotumika kazini. Bayosensa nyingi zinazoandikwa majaridani huishia hatua ya kwanza, mara nyingi kwa damu iliyoongezewa virusi kwa mkono. Hatua ya pili inahitaji damu, mate na maziwa ya wanyama halisi kwa mamia, waliochanjwa na wasiochanjwa, wenye kupe na wasio nao, wa Garissa, wa Simanjiro na wa Karamoja, kila sampuli ikiwa na jibu la maabara la kulinganishia, na kwa virusi vinavyolipuka mara moja katika miaka kadhaa, kazi ya kuzikusanya hufanywa katika wiki chache za mlipuko, na wale wale maafisa mifugo ambao wiki hizo hizo wanatakiwa kuchanja, kuzuia minada na kuwaonya wachinjaji.